Upanga wa Kijapani Husomwa Shinani

Mabibi na mabwana, karibuni. Walioko nyuma wasogee mbele kidogo, maana mambo ya leo ni ya kutazama kuliko kusikiliza.

Panga mbili zilizolala mezani hapa zimevaa nguo moja. Zote zina mpini uliosukwa utepe wa kahawia, kikinga mkono chenye maua ya mcheri na ala ya chuma yenye rangi ya jeshi. Ni vazi la ofisa wa jeshi la nchi kavu la Japani, mtindo wa mwaka 1938 uitwao Aina ya 98. Ukimwuliza mpita njia bei, atataja moja kwa zote mbili. Kumbe katika vazi moja mna bapa la kiwandani la miaka ya vita, na katika jingine mna bapa lililofuliwa kabla Wareno hawajajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa.

Sababu yake ni nyepesi. Ofisa wa Japani alijitafutia upanga kwa fedha zake. Aliyekuwa na upanga wa babu nyumbani aliupeleka kwa fundi, mpini wa zamani ukavuliwa, ukavishwa wa kijeshi. Asiyekuwa nao alinunua uliotengenezwa juzi. Kwa hiyo vazi linakuambia upanga ulibebwa lini. Ulifuliwa lini, halijui. Na wapo wauzaji wanaofanya kinyume: huchukua bapa la vita wakalivisha ala nyeusi ya laka na kikinga mkono cha zamani, kisha wakaliita la samurai.

Ndiyo maana tunaanzia shinani. Shina ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, Wajapani huiita nakago. Hapo mhunzi alichonga jina lake, na hapo ndipo kutu imeachwa makusudi izeeke bila kuguswa.

Kulitoa kuna utaratibu wake. Chomoa upanga makali yakiwa juu, mgongo ukiteleza ndani ya ala. Ukiyalaza makali yatakata mbao za ndani ya ala, nayo yataharibika. Kwenye panga za jeshi bonyeza kwanza kitufe kilicho karibu na kikinga mkono, kwani kuna klipu inayoshika ala. Kisha tafuta kijiti cha mwanzi kinachopita katikati ya mpini. Kijiti hicho ni chembamba upande mmoja. Kisukume kutoka upande huo mwembamba kwa fimbo ya shaba nyeupe au ya mwanzi, kamwe si kwa msumari. Baadhi ya panga za maofisa zina vijiti viwili, nyingine zina parafujo. Kijiti kikishatoka, shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, bapa likiwa limeinamia juu, ncha mbali na watu. Piga kifundo cha mkono huo wa kushoto kwa ngumi ya kulia, taratibu, mara tatu au nne. Mtikisiko unalilegeza shina. Likigoma, acha. Anayegonga kikinga mkono kwa nyundo huharibu vitu vitatu kwa pigo moja: kikinga chenyewe, vile visahani vyembamba vya shaba vilivyo pande zake, na pete ya shaba inayokaa kwenye mzizi wa bapa. Na kwa jambia fupi, ule mtindo wa tanto, piga polepole zaidi, maana jepesi huruka kutoka mpinini.

Sasa tazameni shina la huu wa kwanza. Kutu yake ni nyepesi, rangi ya matofali, na chini yake chuma cha kijivu bado kinachungulia. Miaka themanini haizeeshi zaidi ya hapo. La pili ni jeusi lenye wekundu kwa mbali, kama tende iliyokauka, na ukipitisha kidole ni laini. Hiyo ni kutu ya karne nyingi, imetulia, haichafui mkono. Ikiwa ni ya machungwa, inamenyeka na imeenea sawa kila mahali, hadi ndani ya tundu la kijiti, basi kuna mtu aliyelimwagia shina tindikali au maji ya chumvi, na si zamani.

Hesabu matundu. Kwenye panga za zamani, shina lisiloguswa kwa kawaida huwa na tundu moja. Mawili au matatu mara nyingi huonyesha kwamba bapa lilifupishwa: zamani panga ndefu za wapanda farasi zilikatwa upande wa shina, zikapandishwa ili zifae kuvaliwa kiunoni. Kufupishwa si ubovu; panga nyingi bora za karne ya 13 na 14 zimefupishwa, nyingine kiasi kwamba sahihi yote ilikatwa na kutupwa. Tazama pia alama za tupa. Kila shule ilikuwa na desturi yake: mistari ya kulala, ya kuteremka, ya mshazari, au iliyosukwa kama manyoya ya mwewe kama walivyopenda wahunzi wa jimbo la Mino. Alama za mashine ya kusagia zikionekana pale zilipotakiwa kuwa za tupa, hakuna haja ya kuendelea.

Sahihi sasa. Elekeza ncha juu. Kwenye katana, uliovaliwa kiunoni makali juu, jina huwa upande unaoyaona makali yakiwa kushoto kwako. Kwenye tachi, wa zamani zaidi, ulioning'inizwa makali chini, jina huwa upande wa pili. Wapo wahunzi waliovunja kanuni hii, lakini ni pa kuanzia. Kwa kawaida sahihi hutaja jimbo, pengine cheo, jina, na neno la kusema "alitengeneza". Upande wa nyuma huenda kukawa na tarehe. Mwezi mara nyingi ni wa pili au wa nane, desturi ya wahunzi tu, haina siri.

Tarehe za vita hata asiyejua Kijapani anaweza kuzisoma. Mwaka huhesabiwa kwa enzi ya Showa, nawe unaongeza 1925. Moja, mbili na tatu ni mistari iliyolala, mmoja, miwili, mitatu. Kumi ni msalaba. Nane ni vistari viwili vinavyoachana kama miguu ya mtu aliyesimama. Msalaba na miguu chini yake ni 18, yaani Showa 18, yaani 1943. Upanga huu wa kwanza umeandikwa hivyo hivyo, mwenye macho na asome.

Kuhusu majina makubwa ya wahunzi, tuseme wazi: ukikuta sahihi ya Masamune, Muramasa au Kotetsu, chukulia kwamba ni ya uongo mpaka ithibitishwe. Kughushi sahihi, wanakoita gimei, hakukuanza na watalii wa leo. Samurai wenyewe waliuziana na kuzawadiana majina ya uongo kwa karne kadhaa. Kagua kwa kioo cha kukuzia ndani ya mikato ya patasi. Kutu ya chini ya mkato iwe na rangi na umri sawa na ya shina zima. Mkato unaong'aa, au wenye kingo kali zinazokwaruza ukucha, ni wa juzi. Na upanga usio na sahihi kabisa si wa kudharauliwa. Jina la uongo ndilo linaloshusha thamani, ukimya haushushi hivyo.

Kwenye mashina ya vita kuna mihuri midogo, nayo ndiyo inayochanganya watu wengi. Muhuri mdogo wa Seki, mji wa wahunzi, au wa Showa, mara nyingi ndani ya ua la mcheri, karibu kila mara humaanisha bapa lisilo la jadi: feleji ya kiwandani, limepozwa kwa mafuta badala ya maji. Panga za namna hiyo huitwa showato. Muhuri wa nyota ni habari nyingine kabisa. Jeshi liliwateua wahunzi maalumu, likawapa feleji ya jadi, tamahagane, inayoyeyushwa kwa mchanga wa chuma na makaa, na bapa zao zilizokaguliwa zikagongwa nyota. Hizo ni panga za kweli za mkono zilizofuliwa wakati wa vita. Wakusanyaji huziita gendaito. Nanga ni ya jeshi la majini, na huko utakuta bapa nyingi za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Kuna makundi mawili ya vita yanayostahili kutajwa kwa jina. La kwanza ni panga za Yasukuni. Mwaka 1933 karakana ilifunguliwa ndani ya hekalu la Yasukuni mjini Tokyo, na hadi 1945 wahunzi wake walifua takriban bapa 8,100 kwa tamahagane. Wengi wao walipewa majina yanayoanza na Yasu. Ni kazi ya hali ya juu, mtindo ukifuata ule wa zamani wa jimbo la Bizen. La pili ni la Mantetsu, Kampuni ya Reli ya Manchuria Kusini, iliyotengeneza panga kwa feleji yake yenyewe. Shina lake lina maandishi marefu yanayoanza na maneno Koa Isshin, na namba imegongwa mgongoni mwa shina. Si za jadi, wala hazikudai kuwa hivyo, ila zilisifika kwa uimara kwenye baridi kali, na soko la leo linazipenda.

Panga za masajini, Aina ya 95 ya mwaka 1935, zisipimwe kwa kipimo cha hizo nyingine. Zilitengenezwa kwa mashine tangu mwanzo. Mipini yake mingi ni ya kumwaga madini: za kwanza ni shaba, zilizofuata ni alumini iliyopakwa rangi kuiga utepe, na za mwisho wa vita ni mbao yenye michirizi. Hakuna shina la kusoma. Kuna namba iliyogongwa kwenye bapa karibu na mzizi, na nyingine kwenye mdomo wa ala. Namba zikilingana thamani hupanda. Rangi halisi ya mpini ikiwepo, hupanda tena. Humu ndimo waghushi wa leo walimojaa, kwa hiyo tazama umbo la tarakimu, kalibu ya mpini iliyoacha vinundu, na mihuri ya kiwanda kwenye pete ya mpini. Palipotakiwa mihuri pakiwa patupu, rudisha mezani.

Tuinuke kutoka shinani twende kwenye bapa. Zima taa za dari, washa balbu moja, elekeza ncha chini kidogo ya balbu na uinue polepole. Kando ya makali utaona mkanda mweupe wenye mpaka wa mawimbi au ulionyooka. Huo ni hamoni. Mhunzi hupaka udongo mnene mgongoni na mwembamba makalini, akachoma bapa na kulitumbukiza majini. Makali yanapoa ghafla yakawa magumu, mgongo ukabaki laini. Mpaka kati ya hali hizo mbili, ukiutazama kwa kioo, si mstari wa kuchora. Umejaa punje: nyingine kubwa, zinametameta moja moja kama mchanga wa pwani juani, huitwa nie, nyingine ndogo mno, zinaonekana kama ukungu, huitwa nioi. Kwenye bapa nyingi za mafuta utakuta ukungu uliopooza na vilele vinavyofanana kupita kiasi. Na kwenye bapa bandia iliyochorwa kwa tindikali hutaona punje kabisa, ni kijivu kinachokutana na kijivu.

Juu ya hamoni tafuta nyuzi za chuma. Feleji ya jadi hukunjwa na kufuliwa tena na tena, ikaacha mchoro kama wa mbao: mafundo, mawimbi, au nyuzi zilizonyooka za shule ya Yamato. Showato kwa kawaida haina chochote; ni tupu kama kioo. Lakini tahadharini, bapa la zamani lililochakaa au lililosuguliwa vibaya nalo huonekana tupu, na wengi wameuza urithi kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo. Hapo shina ndilo linaloamua.

Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye kidato cha mgongo, pale shina linapoanzia, hadi nchani. Shina halihesabiwi. Kipimo cha Kijapani ni shaku, sentimita 30.3. Chini ya shaku moja ni tanto, kati ya moja na mbili ni wakizashi, kuanzia mbili, yaani sentimita 60.6, ni katana au tachi. Kwa mhunzi yuleyule na ubora uleule, ulio mrefu zaidi kwa kawaida huuzwa ghali.

Na hapa pana kosa la kupendwa: kudhani kwamba kongwe ni ghali. Karne ya 16 Japani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, na wahunzi wa Bizen na Mino walifua panga kwa mafungu, haraka haraka, za kugawiwa askari wa miguu. Zipo nyingi hadi leo, zina miaka zaidi ya 400, na mwenzake wa 1942 aliyefuliwa vizuri na kugongwa nyota anaweza kuzipita bei bila shida.

Makosa ya bapa hayalingani uzito. Pengo dogo makalini si kitu, mnoaji hulisugua likaisha, mradi hamoni ibaki. Malengelenge yaliyofumuka na chuma cha ndani kilichojitokeza ni uchovu; bapa limenolewa mara nyingi mno. Yanayoua ni mawili hasa. Ufa mwembamba unaokata makali kwa upana, hagire, mara nyingi hauonekani bila kioo na taa ya pembeni. Bapa lenye hagire haliaminiki tena, na mnoaji mwaminifu atalirudisha. La pili ni ncha iliyovunjika na kuchongwa upya hadi hamoni ikaishia hewani badala ya kugeuka na kurudi mgongoni. Mgeuko huo ni sehemu ya boshi, yaani hamoni ya nchani. Usipokuwepo, hakuna wa kuurudisha. Kuna pia bapa lililoungua moto na kupozwa upya: kivuli chembamba kinachopanda kwa mshazari kutoka mzizi wa makali ni dalili ya kukutia shaka.

Utepe wa mpini nao una neno. Kwenye kazi halisi, mikunjo hupishana: mmoja kushoto juu, unaofuata kulia juu, hadi mwisho. Bandia nyingi husuka upande mmoja mwanzo mwisho. Kishada cha ofisa hutaja cheo: kahawia na buluu ni maofisa wa chini, kahawia na nyekundu ni wa kati, dhahabu ikiongezwa ni majenerali. Kishada hubadilishwa kwa dakika moja, kwa hiyo kisikupandishe bei peke yake. Nembo ndogo ya ukoo ya fedha kichwani mwa mpini ni dalili nzito zaidi. Familia iliyoweka nembo ilikuwa na cha kukiwekea nembo, na mara nyingi bapa ndani ni la zamani.

Mtauliza panga hizi zilifikaje mikononi mwa watu wa mbali. Baada ya Agosti 1945, Mountbatten, kamanda mkuu wa Washirika wa Kusini-Mashariki mwa Asia, alishikilia kwamba maofisa wa Japani wakabidhi panga zao hadharani. Burma ilikuwa chini yake, na askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana huko. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Kalewa katikati ya mvua na malaria. Baadhi ya panga zilizokabidhiwa zilifungwa kikaratasi au kibao chenye maandishi ya Kijapani, jina na cheo cha mwenyewe. Kibao hicho kina uzito kuliko hadithi yoyote ya familia. Kibaki kimefungwa mahali pake, kamba yake mbovu na yote.

Utunzaji unahitaji maneno machache ila mazito. Usisugue kutu ya shina, hata kidogo. Ukiifuta umefuta cheti cha kuzaliwa. Bapa lisiguswe na msasa, Brasso wala pamba ya chuma. Vidole visiguse feleji, jasho huacha alama ndani ya siku chache. Futa kwa karatasi laini au kitambaa cha mikrofaiba, kisha paka mafuta mepesi, tabaka jembamba lisilotiririka. Mafuta ya jadi ya Wajapani huitwa choji, na choji ni karafuu. Ukifungua kichupa, mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kuambiwa. Ule unga wa kugongagonga bapani wakati wa kusafisha, uchiko, kwenye bapa lililonolewa vizuri huacha mikwaruzo myembamba, basi uache kwenye sanduku lake. Na upanga usihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi hushika unyevu.

Kunoa upya ni kazi ya mnoaji aliyefunzwa Japani, hulipwa kwa urefu wa bapa, na huchukua mawe kadhaa, kila moja laini kuliko lililopita. Kwa showato gharama hiyo huzidi thamani ya upanga wenyewe, kwa hiyo haina maana. Kwa upanga wa zamani, anza na maoni kabla ya kunoa.

Cheti kinachoheshimiwa zaidi ni cha NBTHK, chama cha Japani cha kuhifadhi panga za sanaa, kilichoanzishwa 1948. Ngazi zake ni nne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Vyeti vya mfumo wa zamani, kabla ya 1982, visikutoshe. Uliza kama upanga umepelekwa tena. Sahihi ya uongo haipewi cheti. Ila kabla hujafunga safari, jua sheria: Japani husajili panga za jadi tu, kwa sheria ya 1958. Showato ikifika forodhani hairudi. Hunyang'anywa na kuharibiwa. Na upanga uliosajiliwa hautoki Japani bila kibali cha Wakala wa Utamaduni.

Atakayetaka maoni kwa picha apige hivi: bapa zima bila mpini, limewekwa ncha juu, shina pande zote mbili, mwanga ukitoka ubavuni ili maandishi yajitokeze, ncha kwa karibu, sehemu ya hamoni yenye uhai, na urefu kwa sentimita kutoka kidato cha mgongo. Picha za ala na kishada zije mwisho. Sasa kijiti hiki nakirudisha upande kilikotokea, kinene nje, maana kikilegea bapa huchomoka mpinini. Anayetaka kushika upanga wa pili avae glavu, apite upande huu wa meza.